Istilahi za Fasihi Darasani: Kutaja Jina la Mbinu Si Kuhakiki

Utangulizi

Mtahiniwa anaulizwa aeleze jinsi mwandishi alivyotumia mbinu za lugha kufanikisha kazi yake. Anaandika: "Mwandishi ametumia tashbihi, sitiari, takriri, kinaya, jazanda na tashihisi. Mbinu hizi zinaipamba kazi na kuifanya ivutie." Kisha anatoa mfano mmoja mmoja na kuendelea na swali linalofuata. Jibu hili halina kosa la sarufi, na istilahi zilizomo zote ni sahihi. Hata hivyo, lingeweza kuandikwa kuhusu riwaya yoyote, tamthilia yoyote na shairi lolote la Kiswahili. Lingeweza pia kuandikwa na mtu ambaye hajakifungua kitabu anachokizungumzia.

Hapo ndipo penye hatari. Istilahi zilibuniwa ili zimsaidie msomaji kuona jinsi kazi ya fasihi inavyofanya kazi. Zinapokaririwa kama orodha, zinachukua nafasi ya kusoma kwenyewe. Makala hii inashikilia kuwa jina la mbinu ni mwanzo wa jibu wala si jibu, na kwamba istilahi nyingi zinazowatatiza wanafunzi wetu zitaeleweka zikifunzwa kwa kuuliza swali moja: mbinu hii inafanya nini hapa?

Istilahi zetu zimetoka wapi?

Mwanafunzi huziogopa istilahi kwa sababu anaziona kama maneno mageni yasiyo na ukoo. Kwa kweli nyingi zina jamaa ambao anawafahamu tayari. Tashbihi ni ndugu wa kitenzi kushabihi, yaani kufanana. Tashihisi inatokana na neno lililotupa shakhsi, yaani mtu. Kutashihisi ni kukipa kisicho mtu sifa za mtu. Taswira ina sura ndani yake. Istiara, ambayo ndiyo asili ya sitiari, ni neno la Kiarabu lenye maana ya kuazima: mtunzi anaazima jina la kitu kimoja na kukipa kitu kingine. Mwalimu anayetumia dakika tano kuwaonyesha wanafunzi jamaa hawa atakuwa amewaondolea mzigo wa kukariri maana.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba istilahi hizi zilitufikia kwa njia mbalimbali. Nyingine zilitoka katika mapokeo ya ushairi wa pwani, nyingine zikaundwa kwa maneno ya Kibantu, na nyingine, kama ploti na toni, zikakopwa kutoka Kiingereza. Ndiyo maana mbinu moja huwa na majina mawili au matatu. Kinachoitwa mbinu rejeshi katika kitabu kimoja kinaitwa kisengere nyuma katika kingine. Tashihisi huitwa uhuishaji na baadhi ya wahakiki. Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia ya Kyallo Wadi Wamitila, iliyochapishwa mwaka 2003, ilisaidia sana kuziweka istilahi hizi pamoja, lakini haikuondoa tofauti zote za matumizi madarasani. Mtahiniwa asihangaike na wingi wa majina. Achague jina moja linalojulikana, alitumie vivyo hivyo mpaka mwisho wa jibu, na aonyeshe kwamba anaelewa maana yake.

Dhamira na maudhui

Hili ndilo jozi linalozua mabishano zaidi. Katika uhakiki uliozoeleka Tanzania, kazi ya fasihi hugawanywa katika fani na maudhui, na dhamira huhesabiwa kuwa sehemu moja ya maudhui, pamoja na migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa ya mwandishi. Katika madarasa mengi ya Kenya, maudhui ni mambo yanayozungumziwa katika kazi, mathalani ufisadi, ndoa, elimu au nafasi ya mwanamke, na dhamira ni lile lengo au wazo kuu ambalo mwandishi anakusudia kutufikishia kupitia mambo hayo. Mwanafunzi wa Kenya anayesoma mwongozo ulioandikwa Dar es Salaam bila kuelezwa tofauti hii hana budi kuchanganyikiwa.

Njia rahisi ya kuzitenganisha kwa matumizi yetu ni hii. Maudhui yanaweza kutajwa kwa neno moja au kirai: "uongozi mbaya". Dhamira inahitaji sentensi kamili: "Mwandishi anadhamiria kuonyesha kuwa uongozi mbaya hudumu kwa sababu wanaoumia wamegawanywa." Mtahiniwa ambaye hawezi kuitoa dhamira katika sentensi yenye kitenzi bado hajaipata.

Tashbihi, sitiari, jazanda na taswira

Tuchukue wazo moja: kiongozi mlafi. Nikisema, "Diwani huyu anakula kama nzige," nimetumia tashbihi, kwa sababu pande zote mbili za ulinganisho zimetajwa na kiunganishi "kama" kipo. Nikisema, "Diwani huyu ni nzige," nimetumia sitiari. Kiunganishi kimeondoka na sifa za nzige amevishwa diwani moja kwa moja. Nikisimulia hadithi ya kijiji kilichovamiwa na nzige, nisimtaje diwani hata mara moja, lakini kila msomaji akajua ninamsema nani, nimeingia katika jazanda, jinsi neno hili linavyotumiwa sana katika madarasa yetu: upande mmoja wa ulinganisho umefichwa na msomaji ameachiwa kazi ya kuufichua. Nikieleza jinsi mbawa zinavyolifunika jua, jinsi mabua yanavyobaki uchi na jinsi sauti ya kutafuna inavyosikika usiku, ninajenga taswira, yaani picha inayomfikia msomaji kupitia hisi zake. Taswira inaweza kujengwa kwa tashbihi, kwa sitiari au kwa maelezo ya kawaida tu. Kwa hiyo si kosa sentensi moja kuwa na taswira na tashbihi kwa pamoja.

Anwani za vitabu ni uwanja mzuri wa mazoezi. Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, ina sitiari katika anwani yenyewe: maisha yamepewa jina la bembea, chombo kinachokupandisha na kukushusha bila wewe kusogea mbali na ulipoanzia. Katika "Tumbo Lisiloshiba", hadithi ya Said Ahmed Mohamed, Jitu linakula chakula chote katika mkahawa wa Mago na bado linataka zaidi. Msomaji anayesimama hapo atakuwa amesoma kisa cha mlo. Anayeendelea ataona kuwa mlo huo ni jazanda ya wenye uwezo wanaomeza ardhi ya wanyonge. Jina la mbinu halitoshi kumvusha kutoka kisa cha kwanza hadi cha pili. Kinachomvusha ni kuuliza tumbo hilo ni la nani na linakula nini hasa.

Ni kweli kwamba walimu hawakubaliani daima kuhusu mpaka kati ya sitiari na jazanda. Mtahiniwa anayeandika "jazanda" peke yake anabahatisha. Anayeandika kwamba "Jitu linawakilisha matajiri wanaonyakua ardhi, na kutoshiba kwake kunaonyesha kuwa tamaa yao haina kikomo" amejieleza, na mtahini mwenye haki ataona kuwa ameelewa.

Kinaya na kejeli

Wanafunzi wengi huyatumia maneno haya kana kwamba ni pacha. Kinaya ni pengo: pengo kati ya linalotarajiwa na linalotokea, au kati ya linalosemwa na lililo kweli. Kejeli ni shambulio: mtu anamdharau au kumbeza mwenzake kwa maneno. Afisa akifungua warsha ya kupinga rushwa asubuhi, kisha jioni akamwomba mwananchi "chai" ili amtilie sahihi fomu, hali hiyo ni kinaya, hata kama hakuna aliyemcheka. Mwananchi akimwambia, "Hongera bwana, warsha imekufaa sana," hiyo ni kejeli. Katika mfano huu kejeli imesimama juu ya kinaya, na ndiyo sababu mbinu hizi mbili huchanganywa. Lakini kinaya kinaweza kuwepo bila kejeli, na kejeli nayo yaweza kuwa tusi la wazi lisilo na kinaya chochote.

Katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora, kiongozi anaitwa Mtemi Nasaba Bora. Mtu mwenye jina hilo ananyakua ardhi isiyo yake na kuvunja uaminifu katika ndoa yake. Kinaya hapa kinafanya kazi kubwa: kinamlazimisha msomaji aulize kama ubora wa mtu unatokana na ukoo wake au na matendo yake.

Anwani ya Mstahiki Meya, tamthilia nyingine ya Arege, inahitaji uangalifu zaidi. "Mstahiki" lilikuwa neno la kawaida la heshima kwa mameya nchini Kenya hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Peke yake basi, anwani hiyo si kinaya. Inageuka kuwa kinaya tunapoingia Cheneo na kuona zahanati isiyo na dawa, wafanyakazi wanaolalamikia mishahara, na meya anayeshughulikia mapokezi ya wageni. Mwanafunzi anayesema "anwani ni ya kinaya" bila kuonyesha yaliyomo ndani ya mchezo ametoa hukumu bila ushahidi.

Majazi na lakabu

Majazi, kwa matumizi ya madarasa yetu, ni jina ambalo mwandishi amempa mhusika likaafikiana na tabia au hali yake. Lakabu ni jina la kupanga ambalo mhusika amejipa au amebandikwa na wahusika wenzake. Tofauti ni ya mtoaji wa jina. Mwanafunzi ajiulize: je, ndani ya hadithi, kuna mtu aliyembandika mhusika huyu jina hili kwa sababu fulani? Kama yupo, hiyo ni lakabu.

Tulinganishe majibu mawili kuhusu Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. La kwanza: "Mwandishi ametumia majazi. Kwa mfano, Majoka." La pili: "Jina Majoka linatokana na joka, yaani nyoka mkubwa anayeogopwa. Majoka, mtawala wa Sagamoyo, analifunga soko la Chapakazi ambalo watu wa kawaida wanalitegemea kwa riziki. Mshauri wake anaitwa Kenga, na kukenga ni kudanganya. Kwa majina haya mwandishi anaonyesha nguzo mbili za utawala wa mabavu: kitisho na hadaa." Jibu la pili limeongeza sentensi mbili tu, lakini limeyaunganisha majina na matendo, na matendo na maudhui. Aidha, mwanafunzi aliyeandika jibu hilo anaweza kusema jambo ambalo huenda mwalimu wake hakulifikiria, kwamba "majoka" ni wingi, na pengine tunakumbushwa kuwa dhalimu mmoja hasimami peke yake. Dai kama hilo linajadilika, na mjadala ndio uhakiki.

Mwandishi, msimulizi na nafsineni

Kosa jingine linalojitokeza kila mara ni kumchukulia msimulizi kuwa mwandishi. Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyochapishwa mwaka 1996, inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Anayesema "mimi" humo ni Kongowea Mswahili, kijana aliyelelewa Tanga. Walibora alikuwa Mkenya. Mwanafunzi anayeandika kuwa "Walibora alilelewa Tanga" amemfanya mwandishi kuwa mhusika wa kitabu chake mwenyewe.

Katika ushairi tunayo istilahi nzuri ya nafsineni, yaani sauti inayozungumza ndani ya shairi, na nafsinenewa, yule anayezungumziwa au anayeambiwa. Mshairi mwanamume anaweza kuandika kwa nafsineni ya mama mjane. Hata pale maisha ya mtunzi yanapolimulika shairi, kama ilivyo katika Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani ya mwaka 1973 yenye mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni, ni vyema kuanza kwa kuuliza shairi lenyewe linatuambia nini kuhusu anayenena, ndipo tugeukie habari za mtunzi.

Istilahi za ushairi: ubeti mmoja wa majaribio

Ubeti ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala hii tu:

Mkulima yu shambani, jembe lake limechoka,
Macho katupa mbinguni, wingu lapita lacheka,
Mbegu zalia ghalani, wakati haujafika,
Ya Rabi ni hadi lini, nchi hii kukauka?

Kuhusu umbo, tunaweza kusema kwa uhakika kuwa ubeti una mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani minane. Vina vya kati ni -ni na vya mwisho ni -ka. Je, shairi ni mtiririko? Hatujui, kwa kuwa mtiririko hudai vina vya kati na vya mwisho visibadilike toka ubeti mmoja hadi mwingine, nasi tuna ubeti mmoja. Je, mshororo wa nne ni kibwagizo? Hilo nalo hatujui. Ukirudiwa katika kila ubeti utakuwa kibwagizo. Usiporudiwa utakuwa kimalizio. Kila istilahi ina ushahidi wake unaohitajika, na mtahiniwa azoee kuutafuta kabla ya kuiandika.

Kuhusu uhuru wa mshairi, "katupa" ni inksari ya "akatupa". Wengi huishia hapo. Waendelee kueleza sababu: "Macho akatupa mbinguni" ingekuwa na mizani tisa, na kipande kingezidi vyenzake kwa mizani mmoja. Hali kadhalika, "macho" yametangulizwa mbele ya kitenzi. Kufinyanga sarufi kwa namna hii kunayafanya macho yawe jambo la kwanza tunaloliona.

Sasa tuje kwenye tashihisi, kwani hapa ndipo ubeti ulipobeba uzito wake. Jembe limechoka, wingu lacheka, mbegu zalia. Mtahiniwa wa kawaida atataja mifano hii mitatu na kujihesabia alama. Lakini atazame tena. Vitu vyote vina hisia isipokuwa binadamu mwenyewe. Mkulima ana macho tu. Uchovu wake umehamishiwa kwenye jembe na kilio chake kimepelekwa ghalani, naye amenyamaza mpaka mshororo wa mwisho, ambapo sauti inapasuka kwa swali la balagha linaloelekezwa kwa Mungu. Aidha, kuna ukinzani: kilicho juu chacheka na kilicho chini chalia. Tashihisi hizi tatu, zikisomwa pamoja, zinamchora mtu aliyekwisha nguvu za kulalamika. Hakuna orodha ya mbinu ambayo ingetufikisha hapo. Tumefika kwa kuuliza kwa nini jembe lichoke ilhali anayelima ni mtu.

Sadfa, taharuki na mbinu rejeshi

Istilahi hizi za usimulizi hazina utata mwingi, ila hutumiwa ovyo. Si kila kukutana kwa wahusika ni sadfa. Abiria wawili wanaopanda matatu ile ile kila asubuhi wakionana, hiyo si sadfa. Mmoja wao akiwa ni ndugu aliyepotea miaka 10 na akapanda matatu hiyo siku hiyo tu, hiyo ni sadfa, na swali la kihakiki ni kama mwandishi ameitumia kwa hoja au kwa kukosa njia nyingine ya kulifungua fundo la hadithi. Taharuki ni hamu ya kutaka kujua litakalofuata. Mtahiniwa aonyeshe ni habari gani iliyozuiliwa na imezuiliwa mpaka lini. Mbinu rejeshi inaturudisha nyuma. Mtahiniwa aseme ni nini tusingekielewa lau tusingerudishwa.

Mapendekezo kwa mwalimu na mtahiniwa

Jibu la mbinu liwe na hatua tatu: kutaja, kuthibitisha na kufafanua. Kutaja ni kutoa jina la mbinu. Kuthibitisha ni kuonyesha inapopatikana katika kazi, kwa maneno au tukio mahususi. Kufafanua ni kueleza inachomfanyia mhusika, maudhui au msomaji. Semi kama "inaipamba kazi", "inaleta mvuto" na "inamfanya msomaji asichoke" zipigwe marufuku darasani, kwa kuwa zinafaa kwa mbinu zote na hivyo hazielezi yoyote.

Mwalimu naye anaweza kuligeuza zoezi. Badala ya kuwapa wanafunzi orodha ya istilahi 30 wazitafutie mifano, awape aya moja ya kitabu teule na kuwaomba waeleze, kwa lugha ya kawaida na bila istilahi hata moja, ni nini kinachowashangaza, kuwaudhi au kuwachekesha katika aya hiyo. Wakishamaliza, ndipo awaulize mbinu waliyoigundua inaitwaje. Wanafunzi wenye alama za chini mara nyingi hufaulu katika zoezi hili kuliko walivyotarajiwa, kwa sababu wana macho ya kuona ingawa hawajakariri majina. Istilahi itakapowafikia, itakuta mahali pa kukaa.

Kwa wale walio na muda mfupi kabla ya mtihani, zoezi dogo ni hili. Chukua kitabu teule kimoja, uchague mbinu tano pekee, na kwa kila mbinu uandike sentensi mbili zinazoanza kwa maneno "Bila mbinu hii, msomaji asingeweza…". Ukishindwa kuimalizia sentensi, rudi kwenye kitabu usome sehemu hiyo upya.